Faranga Mbili za Ruzizi

Kila asubuhi huku bonde la Ruzizi, upande wa Kongo, redio hutusomea bei ya dola. Tunaambiwa imepanda au imeshuka kule Kinshasa, na kila mtu anatega sikio. Lakini bei ya faranga ya Burundi kwa faranga ya Kongo, ambayo mama muuza nyanya anaihitaji kabla hata hajatua beseni lake, hakuna anayeisoma. Ataiuliza kwa jirani yake sokoni, jirani ataiuliza kwa kambisti, yule mbadilisha fedha wa mpakani, na kambisti naye amepigiwa simu kutoka Gatumba, ng'ambo ya Burundi. Leo nataka tuizungumzie bei hiyo. Ina historia ndefu, na wazazi wetu wameilipia sana.

Tuanze na jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Hapo zamani fedha ilikuwa moja tu pande zote mbili za mto Ruzizi. Lakini hata umoja huo ulitanguliwa na utengano. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Mjerumani alikaa Usumbura, Bujumbura ya leo, na rupia yake ya Afrika Mashariki, na Mbelgiji alikaa Uvira na faranga yake. Rupia 15 zilikuwa sawa na marki 20 za Ujerumani, kwa hiyo rupia moja ilipita kidogo faranga moja na nusu. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yakavuka na kuitwaa Ruanda-Urundi, yaani Rwanda na Burundi za leo, na nyuma ya jeshi ikafuata noti. Faranga ya Benki ya Kongo ya Kibelgiji ikawa fedha ya Kongo na ya Ruanda-Urundi pia. Tangu mwaka 1952 noti hizo zilitolewa na benki kuu moja, iliyobeba majina ya nchi zote: Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi. Faranga yake moja ilikuwa sawa na faranga moja ya Ubelgiji, na dola moja ya Marekani ilikuwa faranga 50.

Mkulima wa bonde hili aliyepeleka mhogo Usumbura wakati huo hakuhitaji kubadili chochote. Alilipwa faranga, akavuka nazo, akanunua chumvi na kitambaa huku. Hakukuwa na kambisti mpakani kwa sababu hakukuwa na kitu cha kubadili.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na katika mwaka huohuo ile benki ya pamoja ikavunjwa. Ruanda na Urundi wakapewa benki yao ya kutoa noti, nao wakatumia faranga moja ya pamoja hadi mwaka 1964, walipoachana na kila mmoja akashika ya kwake. Kumbukeni kilichokuwa kikitokea huku kwetu mwaka huo 1964: waasi wa Simba waliingia Uvira mwezi Mei. Hivyo faranga ya Burundi na vita vya bonde hili ni watoto wa mwaka mmoja.

Faranga ya Kongo ndiyo iliyotangulia kuanguka. Novemba 1961 ilishushwa thamani. Novemba 1963 ikashushwa tena, safari hii kwa bei mbili: dola ikanunuliwa kwa faranga 150 na kuuzwa kwa 180. Burundi nayo ilishusha ya kwake Januari 1965, dola ikawa faranga 87 na nusu. Piga hesabu utaona. Ndani ya miaka mitano tu, fedha zilizokuwa kitu kimoja zilikuwa zimefika mahali ambapo faranga moja ya Burundi ilidai karibu mbili za Kongo.

Kisha Rais Mobutu akageuza meza. Juni 1967 ilizaliwa zaire. Faranga elfu moja za zamani zilifanya zaire moja, na zaire moja ilinunua dola mbili za Marekani. Wazee wanaosimulia kwamba makuta kumi, senti za zaire hiyo, yalitosha kununua mahitaji ya nyumba hawatii chumvi. Kwa bei za serikali mbili, zaire moja ya mwaka 1967 ilikuwa faranga 175 za Burundi. Mtu wa Uvira aliyevuka kwenda Bujumbura miaka hiyo alivuka akiwa tajiri, naye Mrundi alipenda kuwa na zaire mfukoni.

Upendo huo ulimponza. Tarehe 25 Desemba 1979, siku ya Noeli, ilitangazwa kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10, ambazo ndizo zilizokuwa kubwa, hazina kazi tena. Mipaka ilifungwa. Watu walipewa siku chache tu za kubadili, tena kwa kiasi chenye kikomo. Serikali ilisema inawawinda walanguzi waliorundika noti nje ya nchi. Lakini ni nani mwenye zaire nje ya nchi? Ni mfanyabiashara wa Bujumbura aliyemuuzia Mzairwa sabuni akalipwa kwa noti hizo. Na ni nani mwenye noti kubwa chini ya godoro ndani ya nchi? Ni mkulima wa mpunga asiye na benki karibu, aliyeuza mavuno yake na kungoja siku ya kumwoza mwanawe. Walanguzi wenye marafiki wakubwa walipata njia. Wa kijijini alibaki na karatasi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuteleza. Septemba 1983 zaire ilipoteza zaidi ya robo tatu ya thamani yake kwa tangazo moja, na dola ikafika karibu zaire 30. Ile zaire iliyokuwa faranga 175 za Burundi sasa ilileta faranga tatu au nne. Katika miaka hiyo kahawa na dhahabu ya Kivu ilikuwa ikipitia Burundi kwa magendo. Tusiwalaumu waliovuka nayo kana kwamba walizaliwa wezi. Mtu aliyelipwa kwa zaire leo alijua kwamba mwezi ujao zaire hizo zitanunua pungufu. Aliyelipwa kwa faranga ya Burundi alijua atalala nazo na kuamka nazo. Nchi ile ndogo ilikuwa na fedha tulivu, na utulivu huo ulivuta mazao yetu kuliko amri yoyote ya Kinshasa.

Mwaka 1993 mambo yalifika pabaya kabisa. Kulikuwa na noti ya zaire milioni tano. Januari mwaka huo wanajeshi wa Kinshasa walilipwa kwa noti hiyo, wafanyabiashara wakaikataa, wanajeshi wakafanya fujo na watu wakafa. Oktoba ikaja zaire mpya, na kila moja ilichukua milioni tatu za zamani. Mwezi huohuo wa Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa Bujumbura, na wakimbizi wakamiminika huku bondeni. Kwa hiyo sisi tulikuwa tunapokea wageni wenye njaa, mikononi tuna fedha tusiyojua kuihesabu. Ni katika miaka hiyo, kwa maoni yangu, faranga ya Burundi iliacha kuwa fedha ya mgeni huku kwetu, ikawa fedha ya kuuzia mhogo, kununulia ndagala na kulipia nauli.

Faranga ya Kongo ilirudi tarehe 30 Juni 1998, wakati wa Mzee Laurent-Désiré Kabila. Faranga moja ilimeza zaire mpya laki moja, na ukumbuke kila zaire mpya ilikuwa imekwisha kumeza milioni tatu za zamani. Basi zidisha. Faranga moja ya mwaka 1998 ilikuwa zaire za zamani bilioni 300. Siku ilipotoka ilipita kidogo faranga 300 za Burundi. Kwa maneno mengine, zaire ambayo mwaka 1967 ilileta faranga 175 za Burundi kwa kila moja, miaka 31 baadaye ilihitaji karibu bilioni moja ili kupata faranga moja tu. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi na bado inaniuma, maana nyuma ya kila sifuri kuna mtu aliyefanya kazi akalipwa.

Na faranga yenyewe haikupata hata miezi miwili ya amani. Agosti 1998 vita vilianza tena. Mei 2001, serikali ilipokubali bei ya soko, dola ilikuwa zaidi ya faranga 300, na yetu moja ikaleta faranga mbili na nusu hivi za Burundi. Kufika mwaka 2010 dola ilikuwa karibu 900 huku na karibu 1,230 kule, yaani yetu moja kwa moja na theluthi ya kwao. Hapo yetu ikatulia kwa dola miaka kadhaa. Kuanzia mwaka 2016 ikateleza tena, na mwisho wa mwaka 2020 likatokea jambo la ajabu kwenye vitabu vya benki kuu mbili: dola ilikuwa kama faranga 1,970 Kinshasa na kama 1,950 Bujumbura. Baada ya miaka 60 ya kupanda na kushuka, faranga mbili zilikuwa zimerudi kuwa sawasawa, moja kwa moja, kama mwaka 1960.

Lakini nenda Kavimvira, mpakani mwa Uvira, siku hiyo uombe kubadilishiwa moja kwa moja. Hakuna kambisti ambaye angekukubalia.

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Tangu misukosuko ya kisiasa ya mwaka 2015, na wafadhili wa Ulaya waliposimamisha msaada wao kwa serikali, Burundi iliishiwa dola. Benki kuu yake ilishikilia bei ya karatasi, na mitaani bei ikakimbia peke yake. Februari 2020 ilifunga maduka ya kubadili fedha, ikayafungua tena mwaka 2022. Mei 2023 ikakubali kushusha faranga yake kwa kishindo, dola ikatoka karibu 2,080 ikapita 2,800. Hata hivyo mitaa haikungoja. Mwaka 2025 dola ya barabarani ilivuka faranga 6,000 na bei rasmi ilikuwa bado haijafika 3,000.

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa bondeni mwanzoni mwa mwaka 2025, ameuza mpunga na ana faranga za Kongo 285,000, yaani kama dola mia moja. Kwa hesabu ya benki kuu mbili, fedha yake ni faranga za Burundi 290,000 hivi. Kwa hesabu ya mpakani, ni zaidi ya laki sita. Ni mfuko uleule, siku ileile. Kama anataka kununua unga au sabuni Bujumbura, hesabu ya pili inamwezesha kurudi na mzigo maradufu. Sasa mgeuze awe mama wa Gatumba anayeleta mboga Uvira: anauza kwa faranga za Kongo, zinampa faranga nyingi za kwao, anafurahi, kisha anakuta kila kitu cha dukani kinachotoka nje kimepanda kwa bei ya mtaani, wala si ile ya redio.

Basi ni nani anayeiweka bei hiyo? Ni mzigo unaovuka. Watu wa Uvira wakienda kwa wingi Bujumbura kununua bia, vinywaji na vitu vya viwandani, kuwapeleka wagonjwa hospitali au kulipia watoto shule, wanatafuta faranga za Burundi, nazo zinapata nguvu. Mafuta ya gari yakikosekana Bujumbura, kama yalivyokosekana kwa miezi na miezi katika miaka hii ya karibuni, Warundi wanavuka na mabidoni kutafuta petroli Uvira. Petroli hiyo imepanda meli kutoka Kigoma hadi bandari ya Kalundu, na mwenye nayo anaidai dola. Faranga za Burundi zinarundikana huku, hakuna anayezihitaji kiasi hicho, bei inalegea. Dola nazo zina mikondo yake. MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani, ilimaliza kazi zake Kivu Kusini Juni 2024, kambi za Kamanyola na Sange zikakabidhiwa, na mishahara iliyokuwa ikiingia bondeni kwa dola ikaondoka nayo. Na mpaka ukifungwa, kama ulivyofungwa Desemba 2025 vita vilipofika Uvira, faranga ya Burundi iliyoko upande wetu inakosa pa kwenda, na mwenye nayo anaitoa kwa bei yoyote ili watoto wale.

Nasikia mara nyingi watu wakiwalaani makambisti, wale wanaokaa na meza zao na mafungu ya noti yaliyofungwa kwa mpira. Wapo wakorofi, wanaohesabu haraka na kuficha noti moja katikati, na hao wakikamatwa waadhibiwe. Ila kambisti hatungi bei. Yeye ndiye wa kwanza kuumia bei ikigeuka usiku, kwa sababu mtaji wake wote ni zile noti. Kipindi benki kuu zetu zinasoma bei ambayo haipo sokoni, yeye ndiye anayebeba habari ya kweli kutoka Bujumbura mpaka Runingu huku bondeni. Ningependa habari hiyo isibebwe na yeye peke yake.

Maana asiyeijua anaibiwa, na kwa kawaida ni yule yule: anayetoka mbali na barabara, anayeuza mara moja kwa msimu, mwanamke ambaye hana simu. Mnunuzi anafika na faranga za Burundi asubuhi, bei imekwisha kuanguka tangu jana, naye anamlipa kwa bei ya juzi. Mpunga unaondoka, na mama anagundua hasara sokoni siku ya tatu.

Kuna pia hasara ya kuweka akiba. Faranga za Burundi milioni moja zilizofichwa nyumbani mwaka 2010 zilikuwa zaidi ya dola 800. Mwaka 2025, kwa bei ya barabarani, hazikufika dola 170. Usicheke ukadhani yetu ilifanya vizuri sana: milioni moja ya Kongo ya mwaka 2010 ilikuwa dola 1,100 hivi, na mwanzoni mwa 2025 ilikuwa kama 350. Zote mbili zimeliwa, ya jirani imeliwa zaidi. Ndiyo maana mkulima mwenye akili huku hununua mbuzi, au bati, au magunia ya mpunga na kuyaweka mahali pakavu.

Na kama kuliwa na panya wa bei hakutoshi, yalikuja ya Juni 2023. Benki Kuu ya Burundi ilitangaza kwamba noti za faranga 5,000 na za 10,000 zilizotolewa mwaka 2018 zinaondolewa, na wenye nazo wana siku kumi za kuzipeleka benki. Siku kumi! Mwenye akaunti Bujumbura alipanga mstari. Wa huku ng'ambo, asiye na akaunti wala kitambulisho cha Burundi, alilazimika kumtafuta mtu wa kumwekea, na mtu huyo hafanyi bure. Waliouza noti zao kwa hasara ili zisife mikononi walikuwa wengi sana. Serikali ilisema inawatafuta wanaorundika fedha nje ya benki. Maneno yaleyale tuliyoyasikia Noeli ya mwaka 1979, safari hii kutoka upande wa pili wa mto. Mwaka 1979 walilia Warundi wenye zaire, mwaka 2023 tukalia sisi wenye faranga za Burundi, na mara zote mbili hakuna benki kuu iliyokumbuka kwamba fedha yake inaishi pia nje ya mpaka wake, kwa watu waliouza vitu halali wakalipwa nayo.

Mtaniambia dawa ipo, ni Jumuiya ya Afrika Mashariki. Burundi imo tangu 2007, Kongo imeingia 2022, na itifaki ya fedha moja ilitiwa saini Kampala Novemba 2013. Fedha hiyo ilipangwa ianze 2024, ikasogezwa hadi 2031. Naiombea heri. Lakini fedha moja inataka kwanza nchi zikubali kutoa noti kwa kipimo kimoja, na sisi tuna nchi ambazo hazijakubaliana hata kusoma bei ya kweli ya fedha zao kwa sauti. Tusikae tukingojea 2031 wakati mpunga wa msimu huu unauzwa.

Tena bei inaweza kugeuka upande mzuri na bado ikaumiza. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 2025 faranga ya Kongo ilipata nguvu ghafla, dola ikashuka kutoka karibu 2,850 hadi chini ya 2,400. Kinshasa walishangilia. Mwenye dola zake chache alizoweka kwa ada ya shule alipokea faranga pungufu, na bei za dukani hazikushuka pamoja na dola. Kila mgeuko unahitaji taarifa ifike mapema, uwe wa kupanda au wa kushuka.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili, nayaomba kwa moyo wote na kwa heshima. La kwanza, bei ya faranga ya Burundi kwa faranga ya Kongo, ile ya sokoni Kavimvira, isomwe redioni kila asubuhi pamoja na ya dola. Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani vinaweza kuikusanya vyenyewe, haihitaji mashine wala mtaalamu kutoka mbali. La pili, Benki Kuu ya Kongo na Benki Kuu ya Burundi ziandikiane mkataba mmoja mdogo: siku yoyote mojawapo itakapoondoa noti, dirisha la kubadilishia lifunguliwe Gatumba na Kavimvira, lipokee mtu mwenye jeton, kile kibali cha kuvukia mpaka, bila kumdai akaunti, nalo likae wazi miezi mitatu.